Kwa Nini Aliyekata Tamaa Humwambia Asiyemjua

Katika mtandao wa Weibo nchini China kuna ukurasa wa mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa akiugua sonona, akafariki kwa kujiua mwezi Machi 2012. Watu ambao hawakuwahi kumwona walianza kuandika chini ya ujumbe wake wa mwisho. Mwanzoni walimtakia mapumziko mema, baadaye wakaanza kumweleza habari zao wenyewe: ndoa zilizovunjika, mitihani, upweke, uchovu wa kuishi. Miaka ikapita, maoni yakazidi milioni moja, na watu wakawa bado wanaandika. Wachina huuita ukurasa wa namna hiyo shimo la mti, mahali pa kwenda kunong'ona siri iliyokulemea.

Mwaka 2018 Huang Zhisheng, mtafiti wa akili unde katika chuo kikuu cha Vrije Universiteit mjini Amsterdam, alitengeneza programu ya kupitia manung'uniko hayo na kuyapanga kwa ngazi kuanzia 1 hadi 10 kulingana na hatari. Walio katika ngazi za juu walitafutwa na watu wa kujitolea, wakaandikiwa ujumbe, na pale ilipobidi polisi au ndugu zao wakapigiwa simu. Mwishoni mwa mwaka 2019 Huang aliiambia BBC kwamba katika miezi 18 hivi walikuwa wamewaokoa karibu watu 700.

Ninachotaka tukitazame hapa si programu. Ni kwamba mamia kwa maelfu ya watu, wengi wao wenye wazazi, ndugu na marafiki, walichagua kumweleza uchungu wao mtu asiye hai, mbele ya umati wa watu baki. Hali hii haiko China peke yake. Mtu yeyote anayeshinda katika mitandao yetu ya Kiswahili amewahi kukutana na sentensi iliyomsimamisha: "Nimechoka na haya maisha", "Nikiondoka hakuna atakayejua", "Mnisamehe niliowakosea". Wengine hupita. Wengine huweka kicheko. Mara nyingine mtu mmoja asiyemfahamu mwandishi huuliza, "Ndugu yangu, uko salama?" Makala haya yanamhusu huyo anayeuliza, na aliyeulizwa.

Kwa nini asimwambie mama yake? Hilo ndilo swali la kwanza ambalo familia huniuliza, na huliuliza kwa uchungu, kana kwamba wamesalitiwa. Mwanasosholojia wa Kijerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1908 kwamba mtu wa kupita, asiye na mizizi katika jamii, ndiye ambaye watu humfungulia siri wanazomficha jirani yao wa karibu. Asiye na nafasi katika maisha yako hawezi kuyavuruga. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza jinsi mtandao unavyoongeza nguvu ya jambo hilo: huonekani, jina lako halijulikani, na humwoni anayekusoma akikunja uso. Maneno ambayo yangekwama kooni mbele ya baba mkwe hutoka kwa vidole gizani.

Lakini kuna sababu ya ndani zaidi, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Joiner amefundisha kwa miaka mingi kwamba hamu ya kufa hukua pale imani mbili zinapokutana kichwani mwa mtu: kwamba hana pake miongoni mwa watu, na kwamba amekuwa mzigo kwao. Imani hiyo ya kuwa mzigo ni dalili ya hali yake, kama joto kali lilivyo dalili ya malaria. Haipimi kama anapendwa. Sasa fikiri: mtu anayeamini kuwa amemlemea mama yake atamwongezeaje mama huyo habari nyingine nzito? Kila anavyompenda ndivyo anavyozidi kumficha. Mtu baki hamlemei. Kumwandikia asiyemjua humpa nafasi ya kusema bila kuhisi kwamba anaongeza deni. Basi mzazi ukigundua kwamba mwanao alimweleza mtu wa mbali kabla yako, usianze na lawama. Yawezekana alikuficha kwa sababu uko moyoni mwake.

Kisha kuna gharama za dunia ya kweli. Ukimwambia shangazi, huenda Jumapili kukawa na kikao cha ukoo. Kiongozi wa dini huenda akaanza na adhabu ya akhera kabla hajauliza unalala saa ngapi. Mwajiri akisikia, mkataba haurudiwi. Na hata simu ya kawaida ina shida yake: katika nyumba ya chumba na sebule, mnamolala watu sita, utampigia nani saa nane za usiku useme neno hilo kwa sauti? Kuandika hakuna kelele.

Wajapani walilipima hili. Mwezi Septemba 2017, kwa wiki mbili tu, mkoa wa Nagano uliwafungulia wanafunzi wa sekondari huduma ya ushauri kwa njia ya LINE, programu ya ujumbe inayotumiwa na watu wengi sana nchini humo. Yalishughulikiwa maombi 547. Simu ya ushauri ya mkoa huohuo ilikuwa imepokea maombi 259 katika mwaka mzima uliotangulia. Watoto walikuwapo na shida walikuwa nazo. Kilichokosekana ni mlango ambao wangeweza kuupita bila kusikika.

Nchini Uingereza huduma ya kumsikiliza usiyemjua ina zaidi ya miaka 70. Mwaka 1935 kasisi kijana wa Kianglikana, Chad Varah, aliongoza mazishi ya msichana wa miaka 14 mjini Lincoln. Binti huyo alikuwa amepata hedhi kwa mara ya kwanza, akadhani ni ugonjwa wa aibu, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Akajiua. Varah hakusahau. Novemba 1953 alifungua laini ya simu katika kanisa la St Stephen Walbrook mjini London na kutangaza kwamba yeyote anayefikiria kujiua ampigie. Watu wakaja wengi kuliko alivyoweza kuwapokea, wakawa wanasubiri nje ya chumba chake, ambako watu wa kujitolea waliwapa chai na kuzungumza nao. Si muda mrefu Varah akaona jambo lililobadili kazi yote: wengi waliokwisha kuzungumza na wale wa chai walisimama wakaenda zao, hawakuhitaji tena kumwona kasisi. Mwaka uliofuata aliwakabidhi watu hao simu. Ndivyo lilivyozaliwa shirika la Samaritans. Mwaka 1994, wakati barua pepe ilikuwa bado kitu kigeni kwa wengi, walianza kupokea ujumbe kwa njia hiyo.

Wakati Varah anaanza, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Uingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 1961. Lakini sheria hiyohiyo ilikuwa imekwishasafirishwa na wakoloni hadi huku kwetu, na imeendelea kuishi muda mrefu baada ya kufutwa kwao. Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimtishia aliyejaribu kujiua kifungo cha hadi miaka miwili, mpaka Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nasema bila kuuma maneno: sheria hii inaua. Aliyefika ukingoni anajua kwamba akisema, anaweza kukutana na polisi kabla ya daktari. Ndugu zake nao wanajua, ndiyo maana wengi humpeleka hospitali kwa maelezo ya uongo, na daktari akatibu mwili bila kujua yaliyomfika mtu moyoni. Kisha tunashangaa kwa nini watu wanawaandikia wasiowajua.

Wapo miongoni mwetu ambao hawana mtu mwingine kabisa ila simu. Nawafikiria dada zetu wanaofanya kazi za ndani Oman na Saudia, ambao baadhi hawatoki nje ya geti kwa miezi, na saa zao za kupumzika hazilingani na saa ambazo watu wa nyumbani wako macho. Kwao mtu wa mtandaoni anayejua Kiswahili ndiye jirani pekee.

Sasa tuitazame hatari ya kumfungulia moyo usiyemjua. Oktoba 2017, katika mji wa Zama karibu na Tokyo, polisi walikuta miili ya watu tisa katika chumba cha mwanamume mmoja. Waliouawa walikuwa na umri wa kati ya miaka 15 na 26. Mwanamume huyo alikuwa akipekua Twitter kuwatafuta walioandika kwamba wamechoka kuishi, kisha akijifanya mwenzao katika uchungu, mtu anayewaelewa, anayeweza kuwasaidia. Wakili wake alijaribu kujenga hoja kwamba waliridhia. Mahakama iliikataa: hakuna hata mmoja aliyeridhia kuuawa. Alihukumiwa adhabu ya kifo Desemba 2020, na akanyongwa Juni 2025. Jina lake silitaji, halistahili kukumbukwa.

Marekani nako, muuguzi mmoja wa jimbo la Minnesota alijifanya msichana mwenye huruma katika vikundi vya mazungumzo ya mtandaoni, akawasukuma watu walio katika hali hii wafe. Alitiwa hatiani mwaka 2011. Aliyemfuatilia kwa muda mrefu, wakati polisi hawajaona uzito wa jambo, alikuwa mwanamke mmoja mstaafu wa Uingereza ambaye hakuwa na cheo chochote.

Ukitazama visa hivi, utaona kwamba hatari haikuanza pale mtu aliposema hadharani. Ilianza alipovutwa pembeni. "Njoo inboksi." "Usimwambie mtu, hawatakuelewa." "Mimi peke yangu ndiye ninayekujua." Anayekutaka ukate mawasiliano na wengine wote ni wa kuogopwa, hata kama maneno yake ni matamu kuliko ya mtu yeyote aliyekujibu. Mwenye nia njema hufanya kinyume: hutafuta wa pili na wa tatu wa kukuzunguka.

Hatari nyingine haina mwovu. Ni pale watu walioumia wote wanapokusanyika mahali pamoja, kila mmoja akithibitisha kwamba mwenzake yuko sahihi kukata tamaa. Wanapendana kwa dhati, lakini wanazama pamoja, na mazungumzo yakigeukia namna ya kufa huwa tayari yameacha kuwa msaada. Ukiwa ndani ya kundi la namna hiyo, ondoka, na ukiweza ondoka na mwenzako.

Baada ya mauaji ya Zama, serikali ya Japani haikuwaambia vijana waache kuandika. Iliwafuata kule walikokuwa. Machi 2018 Wizara ya Afya iliyapa fedha mashirika kadhaa yatoe ushauri kwa njia ya mitandao ya kijamii, na ndani ya mwezi huo mmoja yalipokea maombi zaidi ya 10,000. Naona huo ndio uamuzi wa busara. Kumkataza mtu asizungumze na asiowajua, hali hao ndio sauti pekee inayomjibu, ni kumfungia mlango wa mwisho. La kufanya ni kuhakikisha kwamba mlangoni yupo anayejua la kusema.

Je, maneno ya mtu wa mbali yanaweza kweli kumbakisha mtu hai? Ushahidi upo. Jerome Motto, daktari wa magonjwa ya akili mjini San Francisco, kuanzia mwaka 1969 alifuatilia wagonjwa waliolazwa kwa sonona au hali ya kutaka kujiua. Watu 843 kati yao walikataa kuendelea na matibabu walipotoka hospitali. Akawagawa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja liliandikiwa barua fupi mara kwa mara kwa miaka mitano, za kuwajulia hali tu, zisizowadai chochote wala kuwakumbusha dawa. Fungu la pili halikuandikiwa. Katika miaka miwili ya kwanza, ambayo ndiyo ya hatari zaidi, walioandikiwa walijiua wachache kuliko wenzao.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti uliofanyika Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, nchi ambazo hospitali zake nyingi zinafanana na zetu kwa msongamano. Watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua walihusishwa. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walipewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa hadi mara tisa ndani ya miezi 18. Katika kundi la huduma ya kawaida walijiua watu 18. Katika kundi lililofuatiliwa, 2. Simu tisa! Huhitaji jengo jipya wala mashine ya mabilioni kufanya hivyo Sumbawanga, Lodwar au Bukavu.

Matokeo hayo yanaeleweka ukijua kwamba saa ya hatari hupita. Richard Seiden wa Chuo Kikuu cha California alifuatilia watu 515 waliozuiwa wasijiue San Francisco kati ya mwaka 1937 na 1971. Alipochapisha matokeo mwaka 1978, 94 kati ya kila 100 walikuwa bado hai au wamekufa kwa sababu nyingine za kawaida. Wengi hufikiri kwamba aliyekusudia atarudia tu, leo au kesho. Si kweli. Aliyevushwa saa ile mara nyingi huishi.

Kwa hiyo ukimwona mtu asiyekujua ameandika maneno ya kuaga, usipite. Muulize, na uulize kwa neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Watu wengi huogopa kwamba kulitaja ni kumtia wazo kichwani. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walilipima hilo kwa wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York. Walioulizwa hawakuwa na mawazo ya kujiua zaidi ya wasioulizwa, na waliokuwa na sonona au waliowahi kujaribu walionekana hata kupata nafuu kidogo. Swali la wazi humwonyesha kwamba huogopi jibu lake.

Akikujibu ndiyo, kaa. Usikimbilie aya wala hadithi ya mtu mwenye shida kubwa kuliko zake. Usimwambie "fikiria watoto wako", maana anayejiona mzigo amekwishawafikiria, na amejishawishi kwamba watapumua bila yeye. Mwache aseme. Kisha muulize yuko wapi, na kuna nani karibu naye usiku huu. Kama amekwishaandaa kitu cha kujidhuru, mwombe akiweke mbali, au amkabidhi mtu, au yeye mwenyewe atoke aende walipo watu. Halafu mfanye akutajie jina moja, la dada, jirani, mwalimu wa zamani, mtu yeyote anayeweza kugonga mlango wake. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Wewe uko Mwanza na yeye yuko Mombasa, huwezi kumshika mkono, lakini unaweza kumpata wa kumshika. Usimwahidi siri. Mwambie ukweli: "Nitamtafuta mtu wa kukusaidia, nami sitaondoka mpaka apatikane." Na kesho yake mwandikie tena, hata neno moja.

Usipige picha ya maneno yake ukaisambaza kwenye makundi, hata kwa nia ya kuomba dua. Aliyekwisha kuaibishwa mara moja hatasema mara ya pili. Na ukiona yamekuzidi, sema hivyo waziwazi na umkabidhi kwa mwingine, usinyamaze tu. Kunyamaziwa ghafla na mtu pekee aliyekuwa akimjibu ni pigo ambalo hatajua kulitafsiri ila kwa ubaya.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa ndani ya saa hiyo, nakuandikia kama mtu baki, kwa sababu ndivyo nilivyo kwako. Hukukosea kusema. Uliyemwambia kwanza anaweza kuwa mtu wa mbali, lakini usimfanye awe wa mwisho. Nakusihi uongeze mmoja aliye karibu usiku huu, hata kama sentensi yako itakuwa fupi: "Siko salama, njoo ukae nami." Huna haja ya kueleza yote. Usikae peke yako, usikae karibu na kitu ulichokifikiria, na usifanye uamuzi wowote kabla hakujakucha na kabla hujaonana na mtu ana kwa ana. Maumivu unayoyasikia yanatibika, na wamo watu wengi sana wanaopita barabarani asubuhi ambao waliwahi kuwa mahali ulipo.

Kenya, simu ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199, na Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Mtoto au kijana aliye Tanzania, Kenya au Uganda apige 116. Mtu mzima aliye Tanzania aende hospitali yoyote ya rufaa, Muhimbili, au Mirembe iliyopo Dodoma, na aseme mapokezi kwamba amekuja kwa sababu ya mawazo ya kujiua. Walio Marekani na Kanada wapige 988, walio Uingereza 116 123. Namba ya 116 hailipiwi, hata kama huna vocha.